Hedi imepigwa skimu (imechongwa uso wa chini) milimita 0.3, gasketi ipi inafaa?

Silinda_Nne:
Wakuu habari. Injini ni ya petroli, 1.6, silinda nne, valvu 16, bloku ya chuma, hedi ya alumini. Ilichemsha, hedi ikapinda: fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.15 ilikuwa inapita kati ya silinda ya pili na ya tatu. Imeshapigwa skimu, jumla imeondoka milimita 0.3. Dukani kuna gasketi mbili: ya tabaka tatu za chuma kama ile ya kiwandani, na ya faiba nyeusi yenye pete za chuma kwenye matundu ya silinda. Ya chuma iliyozidi unene kwa 0.3 inapatikana kwa kuagiza. Kuna anayeshauri zifungwe gasketi mbili kwa pamoja ili kimo kirudi. Nichukue ipi?

Toki_Renchi:
Mbili kwa pamoja, sahau kabisa. Gasketi imetengenezwa ishike uso wa hedi upande mmoja na uso wa bloku upande wa pili. Ukiibebesha mwenzake, matuta ya kuzibia yanakandamizana vibaya na zinateleza injini ikipata moto.

Gasketi usiichague kwa jina la chuma au faiba, ichague kwa uso iliyokabidhiwa. Ya tabaka za chuma inataka uso laini sana, ukwaruzo wa wastani usiozidi maikromita 0.8 hivi, kwa sababu kilicho juu ya chuma ni mpako mwembamba tu wa mpira. Mpako huo haufukii mifereji ya kisu. Ya faiba inavumilia mpaka kama 1.5, tena haipendi uso wa kioo, inataka pa kung'ang'ania.

Muulize fundi wa mashine uso umetoka na kipimo gani. Kama hana jibu, pitisha kucha kukatisha mistari ya kisu, kwenye mwanga wa ubavuni. Ikikwama au ikitoa sauti ya kukwaruza, uso huo si wa gasketi ya chuma. Kucha ikipita kimya bado si uthibitisho, sampuli za kulinganishia ukwaruzo ndizo zinazosema kweli. Uso ukiwa mbaya, rudisha kwenye mashine upitishwe mara ya mwisho kwa mwendo mdogo. Ni hesabu za sehemu za mia za milimita tu.

Na bloku je? Watu wanapeleka hedi mashine, bloku wanaifuta kwa kitambaa.

Kampreshoni:
Nakazia hapo, naongeza suala la unene. Chukua silinda ya kipenyo 81 na mwendo wa pistoni 77: ujazo ni sisi (sentimita za ujazo) 397. Kwa kampreshoni ya 9.5 (uwiano wa 9.5 kwa 1), nafasi inayobaki juu ya pistoni ni sisi 46.7. Skimu ya 0.3 inakula sisi 1.5 kwa juu kabisa, maana chemba nyingi ni nyembamba kuliko silinda. Unafika 9.8. Injini nyingi za aina hiyo zinavumilia, ila ukisikia inagonga (mchanganyiko unalipuka ovyo) kwenye mzigo kwa petroli ya oktani ndogo, sababu unayo.

Gasketi nene ya 0.3 inarudisha karibu kila kitu: kampreshoni, nafasi kati ya valvu na pistoni, na taimingi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), ambayo huchelewa kidogo hedi ikishuka. Kwa hiyo kama uso ni laini, agiza hiyo. Pima hedi kwa vernia pembe zote nne, linganisha na kimo cha chini kinachoruhusiwa kwenye kitabu cha injini. Ikiwa chini yake, gasketi nene haiiokoi.

Toki_Renchi:
Sawa, ila unene usiugeuze dawa ya kila kitu. Kuna injini zilizobuniwa pistoni ikaribie sana sehemu bapa ya hedi ili mchanganyiko wa hewa na petroli uvurugwe. Ukizidisha nafasi hiyo, injini inaweza kugonga zaidi, kampreshoni ikiwa ileile. 0.3 ya kufidia 0.3 ni sawa. Kuzidisha hapo ni kubahatisha.

Kwa wa dizeli watakaosoma: huko kipimo ni pistoni inavyochomoza juu ya bloku, kwa geji ya saa, silinda zote. Skimu ya hedi haibadilishi kimo hicho. Inachobadilisha ni kina cha valvu ndani ya hedi, kwa hiyo viti vya valvu vinachongwa upya. Alama za matundu au mikato pembeni mwa gasketi ndizo zinazotaja unene.

Silinda_Nne:
Asanteni. Bloku ilisafishwa kwa diski ya msasa kwenye drili. Kuna shida?

Kampreshoni:
Ipo. Diski hiyo inachimba mabonde, hasa kati ya silinda, na vumbi lake gumu likiingia kwenye oili linakula beringi. Weka rula ya chuma pande sita, mbili kwa urefu, mbili kwa upana, mbili za mshazari. Fila ya 0.05 ikipita, bloku nayo iende mashine. Isipopita, safisha njia zote za oili na ubadilishe oili na filta.

Jambo la mwisho kuhusu hedi: ikipinda chini, na juu imepinda. Weka kamshafti bila valvu wala mkanda, funga kepu zake kwa toki yake (nguvu ya kukaza iliyotajwa kitabuni), zungusha kwa vidole. Ikikwama, skimu imenyoosha chini tu na matundu ya kamshafti bado yamepinda. Hapo hedi inanyooshwa kwa joto kwanza, au matundu yachongwe upya.

Toki_Renchi:
Kwenye kufunga: gasketi kavu, bila gundi, isipokuwa pale kitabu kinapotaja, mara nyingi kwenye maungio ya kava ya mbele. Matundu madogo ya maji usiyapanue hata yakionekana hayalingani na ya bloku, ndiyo yanayogawa maji mpaka silinda ya nyuma. Bolti za kukazwa kwa nyuzi za pembe ziwe mpya. Puliza mashimo ya bolti yakauke: oili au maji yakibaki chini, bolti inayakandamiza, toki renchi inalia mapema na hedi bado haijabanwa, au bloku inapasuka.