Marítimo ya Madeira walishawahi kuwa mabingwa wa Ureno kweli au jamaa ananipanga?

Mpenda_Kandanda
Wakuu habari za muda huu. Kuna ubishi umenishinda naomba wanaolijua soka la Ureno wanisaidie. Jamaa yangu anakomaa kwamba Marítimo, ile timu ya kisiwa cha Madeira, ilishabeba ubingwa wa Ureno, mimi nikacheka maana mabingwa wa ligi ninaowajua ni Benfica, Porto na Sporting, halafu Belenenses mara moja na Boavista mara moja, basi, mwingine hakuna. Lakini yeye anataja mpaka mwaka, 1926. Sasa hapo nani muongo? Na kama ni kweli, ilikuwaje timu ichukue ubingwa halafu ipotee miaka yote ile mpaka sisi tunakuja kuisikia kwenye Kombe la UEFA miaka ya 90? Mwenye historia yao amwage yote, sina haraka.

Babu_Offside
Mkuu hakuna muongo hapo, mnaongelea mashindano mawili tofauti. Ligi unayoisema wewe imeanza msimu wa 1934/35. Kabla yake kulikuwa na Campeonato de Portugal, ilianza 1922, mtindo wa mtoano, kila mkoa unacheza ligi yake unapata bingwa halafu mabingwa wanakutana na atakayeshinda fainali ndio bingwa wa nchi, enzi hizo ubingwa mwingine wa taifa haukuwepo. 1926 Marítimo walienda kama mabingwa wa Madeira, na kwenda kwenyewe ni kwa meli maana ndege ya kwenda kule haikuwepo, nusu fainali wakakutana na Porto wakawapiga 7-1. Ndio, saba. Porto hii hii unayoijua. Fainali wakamfunga Belenenses 2-0, na ilichezwa huko huko mji wa Porto.

Na kitu ambacho watu hawakisemi, tarehe 28 Mei mwaka ule ule wanajeshi walipindua serikali ya Ureno, fainali ikachezwa mwezi Juni, yaani nchi ina siku chache tu tangu mapinduzi na vijana wa kisiwani wako uwanjani wanachukua kombe.

Asili ya timu ni Funchal, mji mkuu wa Madeira, ilianzishwa tarehe 20 Septemba 1910 na Cândido Fernandes de Gouveia, na ilikuwa ya watu wa bandarini, wale wanaoishi kwa kazi za meli, ndio maana ikaitwa Marítimo, yaani ya baharini. Rangi ni kijani na nyekundu, rangi za waliokuwa wanataka jamhuri, wakati bendera ya mfalme ilikuwa bluu na nyeupe. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Oktoba, mfalme akaangushwa kweli. Kwa hiyo hii timu ilizaliwa na siasa mwilini.

Winga_Mzembe
Babu nakuheshimu ila mimi ubingwa wa hivyo siuhesabu. Mtoano unashinda mechi chache umemaliza, hilo kwangu ni kombe tu hata uliite jina gani. Na ushahidi ni kwamba mwaka 1938 mashindano hayo yaliacha kuitwa hivyo yakawa Taça de Portugal, yaani kombe la chama, hayakugeuka kuwa ligi. Wareno wenyewe mpaka leo wanagombana kwa hilo, Sporting wana manne ya aina hiyo na wamekuwa wakitaka yaingizwe kwenye hesabu yao ya ubingwa wa ligi, wapinzani wao wanawacheka. Kwa hiyo mleta mada mwambie jamaa yako kombe walibeba, ligi hawajawahi.

Babu_Offside
@Winga_Mzembe sawa ligi hawajawahi, lakini hujiulizi wangeibebaje wakati walikuwa hawaruhusiwi kucheza? Hapo ndipo penye jibu la swali la pili la mleta mada. Madeira iko kama kilomita 1,000 kutoka Lisbon, ligi ilipoanza ikawa ya timu za bara, maana nani atakaa melini siku kadhaa kila akicheza ugenini? Uwanja wa ndege wa kisiwa umefunguliwa 1964. Kwa hiyo kizazi kwa kizazi Marítimo wanachukua ubingwa wa kisiwa mpaka wanauchoka, wana uwanja mzuri wa Barreiros tangu 1957, lakini wikiendi ikifika wanacheza na majirani zao wale wale, Nacional na União. Sasa hapo unatoaje bingwa?

Mlango ulifunguliwa 1973, wakaingizwa daraja la pili la taifa. Wakapanda ligi kuu 1977, miaka minne tu! Timu iliyofungiwa nje karibu miaka 40. Wakashuka, wakapanda, wakashuka tena, waliporudi 1985 wakagoma kutoka, misimu 38 mfululizo.

Mpenda_Kandanda
Kumbe! Aisee asanteni sana. Miaka 40 mtu anakuzuia kwa sababu ya bahari halafu anakwambia huna ubingwa, hapo Winga umeonea watu 😂. Na huko Ulaya walifanya nini hasa? Mimi nakumbuka mambo ya Leeds tu.

Kona_Fupi
Ulaya hawana makuu ila wamesumbua. 1994/95 walimtoa Aarau wa Uswisi wakaja kukutana na Juventus, ile Juve iliyokuja kufika fainali msimu huo, wakafungwa 1-0 Funchal na 2-1 Turin, hiyo sio aibu hata kidogo. Leeds unayosema ni 1998, kila mmoja alishinda 1-0 kwao, Leeds wakapita kwa penati. 2004 ikajirudia hivyo hivyo na Rangers, 1-0 huku, 1-0 kule, penati, nje. Hawa watu na penati wana laana mimi nakwambia. 2012 wakaingia makundi ya Europa League na Newcastle, Bordeaux na Club Brugge, Newcastle hakuwafunga hata mechi moja, sare zote mbili.

Makombe ya ndani ndio kabisaa usiulize, fainali ya Taça 1995 walipigwa na Sporting, 2001 na Porto, halafu fainali mbili za kombe la ligi mfululizo, 2015 na 2016, zote Benfica, hiyo ya pili walikula 6-2. Fainali nne sifuri. Ndio maana 1926 wanaishikilia kwa meno.

Kwa kuibua wachezaji wapewe haki yao, Pepe yule beki wa zamani wa Real Madrid alitokea Brazil akafikia hapo 2001 akiwa kijana mdogo hajulikani, 2004 Porto wakamchukua.

Alvinegro_Damu
Mnaongelea Madeira kama ina timu moja 😏 Nacional nao wamezaliwa 1910 hiyo hiyo, Desemba, na Cristiano Ronaldo kabla ya kwenda Sporting alilelewa Andorinha halafu NACIONAL, sio Marítimo. Tumemaliza nafasi ya nne ligi kuu mara mbili, 2004 na 2009, na tukamtoa Zenit Europa League. Uwanja wetu uko Choupana, juu milimani kabisa, ukungu ukishuka mwamuzi haoni goli wala mshika kibendera na mechi inaahirishwa, wageni wanalala kisiwani bila kupenda.

Halafu miaka ya 90 rais wa serikali ya Madeira, Alberto João Jardim, alitaka timu zote tatu ziunganishwe ziwe moja maana serikali ndio ilikuwa inazipa pesa. Unadhani ilikuwaje? Marítimo wakakataa katakata. Kwa hilo peke yake nawaunga mkono, mimi kushangilia kijani na nyekundu bora niache mpira.

Winga_Mzembe
Hapo kwenye misimu 38 mmeruka mwisho wake. Iliisha 2023, walicheza mchujo wa kubaki na Estrela da Amadora, jumla ikawa sare, wakatolewa kwa nini?

Kona_Fupi
Usiseme.

Winga_Mzembe
PENATI 😭