Jaribio la mapengo limempeleka darasa la mwanzo mtu anayezungumza vizuri. Kosa liko wapi?

Mwalimu wa Kuze

Hamjambo ndugu zangu. Nasomesha Kiswahili wageni watu wazima, vyumba viwili vya ghorofani hapa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Kila muhula nawagawa madarasa matatu kwa jaribio moja tu: kifungu cha maneno kama 250 kuhusu mtoto aliyetumwa sokoni Marikiti. Sentensi ya kwanza naiacha nzima, kisha kila neno la saba nalitoa, wao wajaze. Mapengo 35. Nimelitumia miaka mingi na sikuwahi kulitilia shaka hadi mwezi uliopita.

Walikuja wawili siku moja. Bwana aliyesoma Kiswahili miaka miwili chuo kikuu huko Ujerumani alipata 29. Bibi mmoja Mtaliano, ameolewa Likoni huu mwaka wa nne, kila alfajiri yuko jikoni na mavyaa yake wakikaanga mahamri, alipata 11. Nikampeleka darasa la mwanzo, akakaa na watu wanaojifunza kuitikia "hujambo".

Siku ya pili, wakati wa mapumziko, nikamsikia barazani anamsimulia muuza kahawa jinsi feri ilivyowakwamisha asubuhi, na muuza kahawa anacheka hasa pale pa kuchekwa. Yule bwana wa 29 alikuwa kando yao na kikombe chake. Hakudaka kitu.

Jioni nikaitoa karatasi ya yule bibi. Pengo la 9, kifungu kina "akamwambia", yeye kaandika "kamwambia". Nimekata. Pengo la 14 ni "njia", kaandika "ndia". Nimekata. "Mchele", kaandika "mtele". Nimekata pia. Na wakati huo mamangu, mzaliwa wa Kibokoni, ananiita chumba cha pili: "Ndoo ule, chakula chapoa!" Ndoo, yaani njoo. Niliiweka kalamu chini. Nimemkata mtu alama kwa Kiswahili cha mamangu.

Nataka kujua kwa dhati: kosa liko kwenye jaribio, kwenye usahihishaji wangu, au namwonea huruma tu? Na kama lipo jaribio bora, liwe la kufanywa na mwalimu mmoja, alasiri moja.

Mwanafunzi wa Isimu, Nyali

Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu kuhusu majaribio ya lugha, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Jaribio hilo lilibuniwa na Wilson Taylor, Marekani, mwaka 1953, na hakulibuni kwa wanaojifunza lugha. Alitaka kupima kama matini ya Kiingereza ni rahisi au ngumu kwa wasomaji wenye lugha yao. Baadaye ndipo likahamishiwa kwa wanafunzi wa lugha ya pili. Miaka ya 1970 John Oller alilitetea sana, akiamini kuna umilisi mmoja wa jumla, yaani ujuzi mmoja wa lugha, unaojitokeza katika kila jaribio la lugha. Baadaye mwenyewe alirudi nyuma na kukiri kwamba msimamo huo ulizidi mno.

Sasa angalia linachofanya kwenye Kiswahili. Ukitoa neno moja la Kiingereza mara nyingi umetoa kiungo kidogo tu, "the" au "to". Ukitoa "akamwambia" umetoa mtenda, mfuatano wa matukio, mtendwa na kitenzi chenyewe, vyote kwa mpigo mmoja. Halafu unadai neno lile lile la mwandishi! Kuna njia mbili zinazojulikana za kusahihisha: neno halisi la kifungu, au neno lolote linalokubalika mahali pale. Kwa lugha yetu mimi sioni haki katika ile ya kwanza. Mtu akiandika "akampa" mahali pa "akamkabidhi" amekosea nini?

Wala usikimbilie lile la nusu neno, ambalo Klein-Braley na Raatz walilitoa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unafuta nusu ya mwisho ya kila neno la pili. Nililijaribu mwenyewe. "Wanapika" inabaki "wana____". Umemwachia viambishi vyote vya mbele, ukamfichia mzizi! Kiingereza kinabeba sarufi yake mkiani. Chetu kinaibeba kichwani. Nikageuza, nikafuta kiambishi cha mbele: "Viti ____wili ____mevunjika". Hapo ndipo niliona nani anazijua ngeli na nani anazibahatisha.

Mzee wa Kisauni

Maalim, mimi nilisomesha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu. Nitasema juu ya ile "ndia" tu, maana imenigusa.

Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikaa hapa hapa Mombasa. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikawekwa kando mjini kwao. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale anaingia darasani na "mato" (macho), "mtele" na "ndia", anatoka na alama nyekundu. Mimi mwenyewe nimewakata wengi, na inaniuma nikikumbuka. Hata hati tunayoandikia haikutuwekea nafasi: paa la nyumba na paa wa mwituni kwa Kimvita hayatamkwi sawa, la pili lina pumzi, lakini kwenye karatasi ni neno moja.

Lakini usichanganye mambo mawili. Kosa la mwanafunzi na lahaja ya mtaa ni vitu mbali. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi yana mpango wake, na Selinker mwaka 1972 akaeleza kwamba mwanafunzi ana lugha yake ya njiani yenye kanuni zake. Kwa hiyo jiulize swali moja: je, mavyaa yake wa Likoni angesema hivyo? Akisema, hiyo si lugha ya njiani, huyo mama kafika, ila kafika kwetu na si kwenye vitabu. Mpe alama. Halafu pembeni umwandikie umbo sanifu, kwa sababu siku akiandika barua ya kuomba kazi atalihitaji, na ukimficha utakuwa humsaidii.

Binti Majengo

Mimi nafundisha Kiingereza, lakini kuna njia niliyoiona inafaa lugha yoyote. Mwambie mwanafunzi akusikilize usome sentensi mara moja, kwa mwendo wa kawaida, kisha airudie. Iwe ndefu kiasi kwamba hawezi kuishika kama kasuku. Akiwa hana kanuni ile kichwani ataijenga upya kwa kanuni alizonazo, na wewe utazisikia. Msomee "Kitabu nilichokinunua juzi kimepotea", asiye na kirejeshi, ile "-cho-" ya "nilichokinunua", atakurudishia "Kitabu nimenunua juzi imepotea". Maana kaishika, umbo limemtoka. Rekodi kwa simu, na umpe mwalimu mwingine asahihishe bila kuona alama zako. Mkitofautiana sana, basi tatizo liko kwa wasahihishaji kabla ya kufika kwa mwanafunzi.

Mwalimu wa Kuze

Ahsanteni, Mungu awalipe. Nimeyafanya, nikaona heri nirudi niwaeleze.

Kwanza nilizisahihisha upya karatasi zote mbili kwa neno linalokubalika, na Kimvita nikakihesabu. Bibi alipanda kutoka 11 hadi 20. Bwana alipanda kutoka 29 hadi 30 tu, maana yeye maneno yake yalikuwa yale yale ya vitabu tangu mwanzo. Mwenzangu anayesomesha Tudor alizisahihisha peke yake. Tulitofautiana mapengo matatu, yote ya msamiati.

Kisha sentensi 12 za kurudia. Bwana, "Kitabu nilichokinunua..." aliianza vizuri kabisa, akasimama, akaomba aione imeandikwa. Ilikuwa hivyo kwa sentensi saba. Sarufi anayo, ila anaihitaji karatasi, na sikio lake bado halijazoea mwendo wetu. Bibi alinirudishia "Kitabu nlichonunua juzi kimepotea" bila kupumua.

Lakini Mzee, swali lako ndilo lililonifungua macho. Nilipomsomea "Viti vyangu viwili vimevunjika", akasema "Viti zangu mbili zimevunjika". Nikamuuliza, nyumbani wanasemaje? Akafikiri kidogo, akasema mavyaa husema "vyangu", yeye ndiye husema "zangu", na hakuna aliyewahi kumrekebisha kwa sababu wanamwelewa. Miaka minne! Kwenye mapengo yangu 35 ngeli ya KI-VI haikutokea hata mara moja, nimehesabu.

Jumatatu anaingia darasa la pili. Bwana nambakisha la tatu kwa kusoma na kuandika, ila saa ya mazungumzo atashuka akae na yule bibi, na wote wawili wamekubali. Kifungu cha Marikiti nakiandika upya wiki hii, safari hii mtoto anatumwa vikapu, vijiko na visu.