Mjadala: Je, mwanafunzi wa S3 (kidato cha tatu nchini Uganda) apewe milinganyo ya mwendo kabla ya kuweza kuuchora mwendo wenyewe?

Mwalimu wa fizikia, Masaka

Ndugu walimu na wazazi, naleta hoja ambayo najua itapingwa. Nasema kwamba mwanafunzi wa S3 asipewe milinganyo ya mwendo wenye mchapuko usiobadilika mpaka awe ameweza kuuchora mwendo huo kwenye grafu ya kasi na muda, na kueleza kwa maneno yake mwenyewe kila kipande cha mchoro kinasema nini. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde. Usipobadilika, mchoro wa kasi huwa mstari ulionyooka. Mwinamo wa mstari huo ndio mchapuko, na eneo lililo chini yake ndilo umbali uliosafiriwa. Mtoto akiyashika hayo, v = u + at na s = ut + ½at² (u ni kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, a mchapuko, t muda, s umbali) zitatoka mbele ya macho yake, wala hatahitaji kuzikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Kilichonisukuma kuandika ni swali nililolitoa darasani muhula uliopita. Taksi inaondoka stendi, inaongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde kwa muda wa sekunde 10, inakwenda kwa kasi ile ile kwa sekunde 30, kisha inafunga breki na kusimama baada ya sekunde 5. Je, imesafiri umbali gani? Wanafunzi wengi waliandika u = 0, v = 0, t = 45, wakaviweka katika s = ½(u + v)t, wakapata sifuri. Taksi imekwenda kwa sekunde 45 na bado iko stendi! Lililoniumiza zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba hakuna aliyeshtushwa na jibu lake. Wachache waliochora walipata trapeza yenye pande sambamba za 45 na 30 na kimo cha 20, na eneo lake ni mita 750.

Siku iliyofuata nikauliza kuhusu gari lenye kasi ya mita 20 kwa sekunde linalopunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde: litakuwa limekwenda umbali gani baada ya sekunde 6? Fomula ilitoa mita 30, na mita 30 ndizo walizoandika karibu wote. Lakini gari hilo lilisimama katika sekunde ya 4, likiwa limekwenda mita 40. Fomula iliendelea kulihesabia mwendo baada ya hapo, ikalirudisha nyuma mita 10, jambo ambalo breki haziwezi kulifanya.

Mtaala mpya ulioanza na S1 mwaka 2020, na ambao UNEB, baraza la mitihani la Uganda, iliutahini kwa mara ya kwanza mwaka 2024, unamtaka mwanafunzi atumie maarifa katika hali halisi. Hali halisi haiji na herufi zilizokwisha kupangwa. Tena historia yenyewe inaniunga mkono: wasomi wa Chuo cha Merton huko Oxford walijua katika karne ya 14 kwamba umbali wa mwendo wa namna hii hupatikana kwa kasi ya katikati, na Nicole Oresme, msomi Mfaransa wa karne hiyo hiyo, alilithibitisha jambo hilo kwa umbo lililochorwa, zamani sana kabla ya aljebra tunayoiandika ubaoni leo.

Mwalimu, Arua

Mwalimu mwenzangu wa Masaka, nakuheshimu na makosa uliyoyaeleza nayafahamu, maana nayasahihisha kila mwaka. Hata hivyo, dawa yako siikubali.

Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia moja. Mashine ya kupiga nukta kwenye utepe unaovutwa na kigari, ile inayopiga nukta 50 kila sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, ni moja tu shule nzima, na umeme hukatika. Katika hali hiyo, njia inayomwokoa mtoto dhaifu ni utaratibu: aandike s, u, v, a, t kwa mstari wa wima, ajaze anachopewa, aweke alama ya kuuliza kwenye kinachotafutwa, kisha achague mlinganyo usiokuwa na herufi iliyobaki. Utaratibu huo humpa mahali pa kuanzia hata kama ana hofu, na hofu katika somo hili, ambalo ni la lazima kwa kila mwanafunzi, ni kubwa kuliko tunavyokiri.

Grafu nazo zina mitego yake. Wanafunzi wangu huchanganya grafu ya umbali na ya kasi, wakasema mstari uliolala kwenye grafu ya kasi ni gari lililosimama. Zaidi ya hayo, v² = u² + 2as haionekani kwenye mchoro, kwa sababu ni lazima muda uondolewe kwa aljebra. Chukua pia mpira unaorushwa juu kwa mita 15 kwa sekunde kutoka paa lenye urefu wa mita 20. Utafika chini baada ya muda gani? Tukichukua g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, kuwa 10, mlinganyo unatoa t = 4 au t = −1. Je, mchoro wako utamsaidiaje mtoto mbele ya ile −1?

Dereva wa lori, Malaba

Samahani walimu wangu, mimi niliishia S2. Nataka kusema jambo moja tu. Vijana tunaowafundisha kuendesha huamini kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama nayo huongezeka mara mbili. Barabarani si hivyo, na wanaolijua hilo walilijua kwa kuogopa. Kama shule ina njia ya kulionyesha mapema, iwe kwa herufi au kwa mchoro, tafadhali lionyesheni.

Mwalimu wa fizikia, Masaka

Mzee wa Malaba, asante, kwa sababu neno lako ndilo jibu la pingamizi moja la mwalimu wa Arua. Breki zikipunguza kasi kwa 5 kila sekunde, gari la mita 10 kwa sekunde husimama kwa sekunde 2, na mchoro wake ni pembetatu yenye eneo la mita 10. Gari la mita 20 kwa sekunde huchukua sekunde 4, na eneo ni mita 40. Kimo kimezidi mara mbili na kitako kimezidi mara mbili, kwa hiyo eneo limezidi mara nne. Hiyo ndiyo v² = u² + 2as, nayo inaonekana kwa macho. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka kabla ya kukanyaga breki, na mtoto ataona mstatili ukitangulia pembetatu. Mwendo una sehemu mbili, wala mlinganyo mmoja hauwezi kuzibeba zote.

Ndugu yangu wa Arua, kuhusu vifaa, chupa ya maji iliyotobolewa kidogo na kufungwa kwenye kigari huacha matone njiani kama ile mashine. Kuhusu orodha ya herufi tano narudi nyuma: ni njia nzuri, na sitaiondoa darasani, ila nataka iandikwe upya kwa kila sehemu ya mwendo, na baada ya mchoro.

Sasa ile −1. Chora mstari wa kasi ukianza 15 na kushuka kwa 10 kila sekunde. Unakata sifuri kwenye sekunde 1.5, ukiwa na eneo la mita 11.25 juu ya mhimili, na kufikia sekunde ya 4 kuna mita 31.25 chini yake. Tofauti ni mita 20, yaani kimo cha paa. Kisha mwambie mtoto aurefushe mstari ule ule kurudi nyuma hadi sekunde −1. Kasi hapo ni 25, na eneo kutoka hapo hadi sifuri ni mita 20 kamili. Kwa hiyo mpira ambao ungerushwa kutoka chini kwa mita 25 kwa sekunde ungepita penye paa sekunde moja baadaye, ukiwa na kasi ya 15 ile ile uliyoanza nayo. Wanafunzi wangu walikuwa wakilifuta jibu hilo kwa rula, nami kwa miaka mingi niliwaambia wafute.