Naomba ushauri: distrikti yetu ya shule huku Texas inachagua vitabu vipya vya kusomea

Habarini wana jamvi, hasa mnaoishi huku Texas. Binti yangu yuko gredi ya pili, juzi kaja na karatasi kwenye begi, imekunjwa mara nne na ina madoa ya juisi, inasema distrikti inafikiria kuchukua Bluebonnet, vitabu vilivyoandaliwa na jimbo lenyewe, kwa masomo ya kusoma na wazazi tunakaribishwa kutoa maoni. Nimekaa nayo usiku mzima. Ninachojua ni kwamba sheria ya HB 1605 ya 2023 inaipa bodi ya elimu ya jimbo kazi ya kukagua vitabu na kutoa orodha ya vilivyopita, na distrikti haijalazimishwa kuchukua, ila ikichukua vya kwenye orodha inaongezewa dola 40 kwa kila mwanafunzi, na hivi vya jimbo lenyewe kama Bluebonnet kuna nyingine 20 za kuprinti. Kwa distrikti yenye njaa hiyo ni hela nyingi jamani. Bodi ya jimbo ilivipitisha hivi vya Bluebonnet Novemba 2024 kwa kura 8 kwa 7, mvutano ulikuwepo maana vina hadithi za Biblia ndani, na sisi ni Waislamu.

Sipingi mtoto kujua dini za wenzake, nataka tu nivisome kabla distrikti yetu haijapiga kura. Aliyewahi kuongea kwenye kikao cha bodi ya shule anielekeze, unajiandikisha vipi, na Kiingereza changu cha kuungaunga watanisikiliza kweli? Au niwatafute wazazi wenzangu kwanza twende pamoja? Kikao ni wiki ijayo.