Mtoto wangu wa miaka mitatu ameacha kusema: je, huu ni usonji?

Swali – Mama, Malindi

Assalam aleikum, na habari zenu wazazi wenzangu. Nina mtoto wa kiume aliyetimiza miaka mitatu. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa akisema "maji", "baba" na "toka", kisha maneno hayo yakapotea moja baada ya jingine. Sasa akitaka maji hunishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi kwenye mtungi na kuuweka mkono wangu juu ya kata, bila kunitazama usoni. Nikimwita kwa jina hageuki, lakini pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili huja mbio. Huweza kukaa asubuhi nzima akizungusha gurudumu la kigari chake, na blenda ya jirani ikiwashwa huziba masikio na kulia.

Mama mkwe ana yakini kwamba ni jini, na anataka tumpeleke kwa mganga. Jirani anasema ni chanjo ya surua. Mume wangu anasema hata yeye alichelewa kusema, basi tungoje. Naomba mnieleze usonji ni hali gani hasa, inatokana na nini, na nianzie wapi. Nyumbani tunazungumza Kiswahili na Kigiriama. Je, huenda lugha mbili zimemchanganya?

Jibu – Muuguzi wa kliniki ya watoto, Mombasa

Wa aleikum salaam, mama. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hakuna awezaye kuuthibitisha kwa kusoma maelezo tu, lakini haya uliyoyaeleza yanatosha kabisa mtoto achunguzwe sasa. Mtoto akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, hangojewi.

Utazame kwa makini huo mkono wako juu ya kata. Watoto wengi, wakipita mwaka kwa miezi michache, huanza kuonyesha vitu kwa kidole, na si vile wanavyovitaka pekee: huonyesha ndege juu ya paa au mbuzi barabarani, kisha humgeukia mama wahakikishe kwamba naye ameona. Kwa watoto wengi wenye usonji, kule kushirikishana jambo kwa macho na kidole huchelewa, na mtoto huutumia mkono wa mama kukifikia anachokitaka. Mtoto huyo anakupenda na anakutegemea. Njia ya kukuambia ndiyo inayomshinda.

Anza na kipimo cha kusikia, ijapokuwa anaisikia pakiti ya biskuti, kwa sababu mtoto anaweza kusikia baadhi ya sauti na kukosa nyingine. Kisha omba rufaa kwa daktari wa watoto.

Kuhusu chanjo, naelewa kwa nini jirani anaamini hivyo. Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na kwenye umri huo wa pili ndipo dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana waziwazi, kwa hiyo mambo hayo mawili hukutana. Makala ya mwaka 1998 iliyoeneza dhana hiyo ilihusu watoto 12 tu. Jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu, Andrew Wakefield, akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na usonji haukuzidi kwa waliochanjwa. Urithi wa kinasaba ndio wenye mchango mkubwa. Lugha mbili hazisababishi usonji, kwa hiyo Kigiriama msikiache.

Jibu – Baba wa binti mwenye usonji, Tanga

Dada yangu, muuguzi amesema kweli. Mimi naongeza la mama mkwe, maana pengine hilo ndilo linalokunyima usingizi. Watafiti waliozungumza na wazazi wa pwani ya Kenya waliwasikia wakitaja mapepo, uchawi na laana, na pia maradhi na matatizo wakati wa kujifungua. Wengi hawaoni kwamba kimoja kinakikataa kingine. Bibi anatafuta sababu kwa sababu anamwonea mjukuu wake uchungu. Akitaka kumwombea dua, mwache aombe, lakini mume wako ndiye amweleze mipaka: mtoto asifungwe, asichapwe, wala asinyweshwe dawa isiyojulikana. Nawe usikubali kulaumiwa. Hata huko Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu kama Bruno Bettelheim waliwabebesha akina mama lawama kwamba ubaridi wao ndio ulioleta usonji, na dhana hiyo ilikuja kuanguka kabisa.

Sisi tulibandika picha ya kikombe kwenye kipande cha boksi, tukakining'iniza karibu na ndoo ya maji. Binti yetu akinivuta mkono, niliupeleka mkono wake kwenye picha, nikasema "maji" mara moja, kisha nikampa papo hapo. Kumpa papo hapo ndiko muhimu, la sivyo mtoto haoni picha ina kazi gani. Tuliogopa kwamba picha zingemfanya asiseme, hazikumzuia.

Mama, Malindi

Nawashukuru sana. Je, kuna dawa? Na atapona?

Jibu – Mwalimu wa kitengo maalumu, Kilifi

Mama, usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Hakuna dawa ya kuuondoa, na yeyote anayekuuzia tiba ya kuumaliza umkimbie. Daktari anaweza kuandika dawa kwa ajili ya jambo jingine linaloambatana nao, kama kifafa. Lakini mtoto hukua na hujifunza: darasani mwetu wapo wasiosema kabisa na wapo wanaosoma gazeti, na ndiyo sababu wataalamu husema kwamba usonji una wigo mpana.

Baada ya hospitali, mpeleke kwenye kituo cha tathmini ya elimu maalumu kilicho katika kaunti yenu, ambako hupendekezwa shule inayomfaa. Ulemavu ukithibitishwa na daktari, msajilini pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na kabla ya siku ya miadi, mrekodi kwa simu anapocheza na kigari chake, unapomwita, na anapokuvuta kwenye mtungi, kwa sababu mbele ya mgeni huenda akajikunyata pembeni, na daktari asiyaone haya uliyotueleza.