Tupeane uzoefu: uliyehamia nchi jirani kwa muda, kipi kilikushinda kuzoea?

Mtoto wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Leo nilikuwa dukani, kijana mmoja mbele yangu akasema "nipe maji", muuzaji akamkata jicho. Nikajua huyu katoka ng'ambo ya Namanga, na nikaikumbuka miaka yangu miwili ya masomo Nairobi. Kule ilikuwa kinyume chake. Siku ya kwanza nikamwambia mama mboga "naomba nyanya za hamsini", akaniuliza, "Unaomba ama unanunua?"

Niliondoka nyumbani bila wasiwasi wowote wa lugha. Wiki ya kwanza tu mwanafunzi mwenzangu akaingia darasani na furaha zake, bibi yake kajifungua mtoto wa kiume. Mimi bibi namjua aliyemzaa mama yangu. Nilikaa na hilo jambo mpaka jioni ndipo nikaelezwa kuwa wenzetu bibi ni mke. Kesho yake nauliza nauli ya matatu, konda ananijibu "soo". Nikarudi nyuma nikidhani barabarani kuna msala. Kumbe soo ni shilingi mia.

Mliokaa Nairobi, Kampala, Kigali, Lusaka, Bujumbura, na Wakenya mliokaa huku kwetu, karibuni. Kipi kiliwapa shida?

Dada wa Mwananyamala
Ya bibi imenikuta hata mimi. Neno kwa neno.

Saa ya Kigali
Mkuu, Kigali shida yangu ilikuwa barabara. Sisi tumezoea kuangalia kulia kwanza, kule magari yanapita upande mwingine, kwa hiyo kinachokuja karibu yako kinatokea kushoto. Wiki ya pili pikipiki ilinipita sentimita chache kutoka gotini. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara miguu inatetemeka, yule dereva akarudi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni wa Tanzania?" Alijua kwa jinsi nilivyogeuza shingo.

Kingine, wenzetu wako nyuma yetu saa moja. Simu yangu iliendelea kusoma saa ya Dar siku mbili nzima, nafika kikaoni mlango haujafunguliwa. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi usipange safari ya asubuhi, watu wako kwenye umuganda, kazi za pamoja za mtaa. Mimi nilitoka nje na begi langu, barabara nyeupe, nikarudi ndani. Mwezi uliofuata nikachukua jembe nikaenda nao kuzibua mtaro, na siku hiyo ndiyo majirani walinijua jina.

Wa Kitengela
Mimi ni Mkenya, nimekaa Dar mwaka mmoja na nusu, Sinza. Wacha niseme ukweli, nyumba ndio ilinimaliza. Kwetu unalipa mwezi mmoja na depoziti, unaingia. Pale mwenye nyumba aliniangalia akaniambia miezi sita mbele, na alikuwa ananihurumia, kwanza alikuwa ametaka mwaka. Nililala kwa rafiki, sebuleni, wiki tatu nikitafuta hizo pesa.

Lakini kitu sitasahau ni hii. Nikipita uani, familia ya jirani wako kwa mkeka wanakula, wakasema "karibu". Kwetu mtu akikuita kwa chakula amekuita. Nikavua viatu nikaketi. Hakuna mtu alishtuka. Mama alisogeza sahani, akaambia mtoto alete maji ya kunawa. Ni baadaye sana nilielezwa jibu lake ni "asante, starehe". Huyo mama nilianza kumwamkia shikamoo kila asubuhi, na nikirudi kazini kama nimechelewa alikuwa amenifunikia wali.

Kisu Butu
Sasa hapo ndipo mnapojionea tofauti. Huku mgeni anafunikiwa wali. Nairobi unaweza kufia ndani na jirani asijue.

Wa Kitengela
Ndugu, usiongee hivyo. Nairobi watu wanatoka saa kumi na moja asubuhi wanarudi usiku. Si roho mbaya.

Kisu Butu
Nimekaa miezi minane Roysambu, najua ninachosema.

Dada wa Mwananyamala
Miezi minane uliwapigia hodi wangapi?

Usa River
Nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo ya kufia ndani imenigusa pabaya, naomba niseme.

Mwaka 2020 nilikuwa Nairobi kwa mkataba wa miezi kumi na minne, napanga Umoja, ghorofa ya nne. Aprili serikali ya kule ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi. Tarehe 16 Mei wakafunga mpaka na sisi, yakabaki malori ya mizigo tu. Siku chache baadaye, saa tisa usiku, mdogo wangu akanipigia. Baba hayupo.

Kutoka Nairobi mpaka nyumbani kwetu ni mwendo wa asubuhi hadi mchana. Nilishakwenda na kurudi wikiendi moja mara nyingi tu, napanda gari hadi Namanga, navuka kwa miguu, nachukua Noah. Usiku ule nilipanga begi. Nikaweka kanga mbili na viatu vyeusi, nikafunga zipu, halafu nikakaa juu ya kitanda nikilitazama. Nilijua siendi popote. Hata kutoka nje ya jiji nisingeweza, acha mpaka. Sikulia. Niliendelea kupanga na kupangua lile begi mpaka kukapambazuka.

Mazishi niliyasikiliza kwa simu. Mdogo wangu aliiweka mfukoni mwa shati ili asionekane anapiga picha, kwa hiyo nilikuwa nasikia tu. Nikamsikia mchungaji, nikasikia akina mama wanaimba Kimeru, kisha nikasikia sepetu. Udongo wa kwetu una mawe madogo, yakianguka kwenye jeneza unayasikia. Bando likakata hapo.

Nikatoka nje kwenye ngazi kutafuta hewa, nikakutana na keateka, yaani mtunza jengo letu, mzee wa Kakamega. Aliniona uso. Nikamwambia maneno mawili tu. Hakunipa pole. Aliondoka, nikadhani ndiyo basi. Baada ya nusu saa mama mboga wa chini akapanda na chupa ya chai na chapati. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa na kafyu ilikuwa saa moja jioni, kwa hiyo wakawa wanakuja mmoja mmoja. Anasimama kwenye ngazi na barakoa yake, anasema lake, anashuka, mwingine anapanda. Watu ambao kwa mwaka mzima tulikuwa tunasalimiana "sasa" na "poa" basi. Usiku ule keateka alivuta kiti cha plastiki akakiweka nje ya mlango wangu. Nikamwambia, mzee nenda ukalale. Akanijibu, "Kwetu mwenye matanga halindi usiku peke yake." Alikaa mpaka asubuhi. Nilikuwa nasikia redio yake ndogo kupitia mlango, na hapo ndipo nililia.

Kwa hiyo ndugu Kisu Butu, sikukatalii yaliyokukuta. Ila mimi nilikuwa ndani, na walijua.

Dada wa Mwananyamala
Pole sana dada. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mtoto wa Makorora
Pole dada yangu. Nimeanzisha mada kwa habari za nyanya, sikujua tutafika huku.

Kisu Butu
Pole dada. Nimekuelewa.

Mzigo Mzito
Poleni. Ila tuseme ukweli, mpaka ulifungwa kwa sababu upande wetu madereva wa malori…

Saa ya Kigali
Mkuu, siyo hapa. Fungua mada yako.

Mama Wawili
Dada pole. Mimi niliishi Kampala, Ntinda, namfuata mume. Nilikuwa naona watu wazima wakinyamaza nikiongea Kiswahili, nikadhani wananichukia. Jirani mmoja bibi mtu mzima (bibi wa kwetu) ndiye aliyenieleza kwamba enzi za Amin Kiswahili alikisikia kwa askari wanaogonga mlango usiku. Tangu hapo nikawa naanza na Kiganda changu cha maneno matatu, nnyabo, ssebo, webale, ndipo naomba ruhusa ya Kiswahili. Mambo yakawa mepesi. Na mkisikia "taxi" Kampala ni kile kipanya cha abiria, msije mkadhani mtaendeshwa peke yenu.

Laini Iliyokufa
Ushauri kwa wanaokwenda: usiweke hela zote kwenye laini moja ya simu. Niliibiwa simu Nairobi wakati pasipoti iko ofisini nikishughulikia pasi ya mwanafunzi, na bila pasipoti laini hairudishwi. Siku nne nilikula kwa daftari la mwenye kibanda. Ficha noti kwenye soksi.

Mzigo Mzito
Soksi ndiyo ya kwanza kupekuliwa. Weka kwenye unga.

Saa ya Kigali
Na hela badilisha mpakani kabisa.

Mama Wawili
Mpakani kamwe! Mimi nilipewa noti zimekunjwa katikati, nikahesabiwa mara mbili. Badilisha benki. Na kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti siku zote.

Kisu Butu
Jifunzeni Sheng mapema.

Wa Kitengela
Hapana, msijifunze. Ongea Kiswahili chako hivyo hivyo. Kule mkiongea watu wanaacha kazi wanasikiliza.

Dada wa Mwananyamala
Dada wa Usa River, kaburini ulifika lini?

Usa River
Desemba. Nilikuta migomba aliyoipanda baba imeshika, mmoja una mkungu. Nilimpigia keateka nikiwa pale pale, nikamwambia nimefika. Akaniambia nimsalimie mzee, nikamsalimia.

Nakonde
Wakuu samahani nawarudisha nyuma. Kuna aliyekaa Lusaka? Nahamia mwezi ujao na watoto wawili.

Saa ya Kigali
Sijakaa, nimepita. Nshima ni ugali, watoto hawatasumbua. Wakikuwekea kapenta, ni dagaa wale wale wa Kigoma. Saa ya simu irudishe nyuma mkivuka tu Tunduma.