Taco na ramu jijini Arusha: je, panafaa kuwapeleka wazazi?

Swali, kutoka kwa mkazi wa Moshi

Ndugu zangu, salaam. Mdogo wangu anahitimu chuo jijini Arusha mwezi ujao, na ameomba tumpongeze kwa chakula cha jioni katika mgahawa mmoja wa mtaa wa Njiro unaouza taco, yaani nyama iliyokunjwa ndani ya mkate mwembamba, chakula cha Mexico; ni ule wa kukaa nje kwenye mabenchi, ambao kaunta yake imejaa chupa za ramu, ile pombe kali. Nitakuwa na baba, ambaye hunywa kwa kiasi, na mama, ambaye hanywi kabisa, pamoja na shangazi, ambaye ni Mwislamu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kula taco. Naomba kufahamu kama hicho ni chakula cha kumshibisha mtu mzima au ni vitafunwa tu, kama shangazi anaweza kula hapo bila wasiwasi, na ni ramu ya namna gani inayomfaa baba. Ningependa wote wafurahi, kwa sababu siku hiyo ni ya mdogo wangu na mahali amepachagua mwenyewe.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mpishi wa Arusha

Hongereni sana. Nimepika vyakula vya Mexico katika hoteli za hapa mjini, na ninakuhakikishia kuwa taco hushibisha, mradi uiagize inavyostahili.

Kila kitu hutegemea tortila, yaani ule mkate mwembamba unaokunjwa kuzunguka nyama. Kwa asili ni ya mahindi, lakini si mahindi ya kusagwa makavu kama yetu. Mahindi huchemshwa katika maji yenye chokaa, yakalala humo usiku kucha, kisha huoshwa maganda yatoke na kusagwa yakiwa bado yamelowa. Chokaa ndiyo inayoufanya unga ushikamane, na ndiyo maana sembe au dona, hata iwe nzuri kiasi gani, hupasuka mara tu unapojaribu kuikunja. Migahawa mingi hutumia unga wa ngano badala yake, na hilo si udanganyifu, kwani kaskazini mwa Mexico tortila za ngano ni chakula cha kila siku. Muulize mhudumu kama tortila hupashwa moto kwenye chuma baada ya kuagizwa. Iliyopashwa vizuri huwa na madoa ya kahawia, hunukia, na hukunjika bila kukatika. Ile iliyotolewa kwenye pakiti ikiwa baridi hupasuka unapoing'ata tu, na mchuzi hutiririka hadi kwenye kiwiko.

Kwa kuanzia, agiza taco tatu kwa kila mtu mzima, kisha muongeze kadiri mnavyokula. Usiagize zote kwa mkupuo. Wazazi wetu wamezoea kusubiri hadi kila mmoja apate sahani yake na sala isomwe, nayo ni adabu njema, lakini tortila iliyokwisha kubeba nyama na sosi haivumilii kusubiri, kwa kuwa hulowa na kuchanika. Kwa hiyo salini mapema, kabla chakula hakijafika. Lililo bora zaidi kwa familia ni kuomba nyama iletwe kwenye sinia, tortila zifungwe kwenye kitambaa ili zisipoe, na vitunguu, majani ya giligilani, ndimu na parachichi lililopondwa viwekwe katikati ya meza, ili kila mtu ajikunjie yake. Mama ataona kuwa huko ni kula kwa mkono kama tunavyokula nyumbani, na hatababaika. Sosi za pilipili ziletwe pembeni kwenye vibakuli, kwa sababu baadhi yake ni kali kuliko zinavyoonekana.

Jibu la pili, kutoka kwa mama wa Kiislamu, Arusha

Dada au kaka, nakushukuru kwa kumfikiria shangazi yako tangu mapema. Kuagiza kuku au ng'ombe hakutoshi. Nyama ya taco iitwayo al pastor, ambayo hukatwa kutoka kwenye mshikaki mkubwa unaozunguka wima, ilitokana na shawarma iliyopelekwa Mexico na wahamiaji kutoka Lebanoni, lakini huko ikawa ya nguruwe. Carnitas nayo ni nguruwe aliyepikwa katika mafuta yake mwenyewe. Linalosahaulika zaidi ni maharage ya kupondwa, kwa kuwa kwa desturi ya Mexico hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hivyo shangazi anaweza kuagiza maharage akidhani yuko salama. Piga simu siku moja kabla, uulize kuhusu uchinjaji, kuhusu mafuta ya maharage, na kama chuma kinachochoma nguruwe ndicho hichohicho kinachopashia tortila. Ukijibiwa kwa kusitasita, mwombee samaki akaangwe katika kikaango cha peke yake. Uliza pia kama kuna ramu kwenye sosi au kwenye ananasi la kuchoma, maana mahali panapouza ramu kwa wingi huwa wanaitia hata jikoni.

Kuhusu kinywaji, wale wasiotumia kilevi wasipewe soda tu kana kwamba wamesahauliwa. Wamexico wenyewe hunywa juisi ya ukwaju na ya rozela pamoja na taco, na zote mbili tunazo hapa.

Jibu la tatu, kutoka kwa mhudumu wa kaunta, Moshi

Ramu si kinywaji cha asili cha Mexico. Mexico ni nchi ya tekila, pombe kali inayotokana na mmea wa jamii moja na mkonge wetu, ule ulioletwa Tanga mwaka 1893. Ramu ni ya visiwa vya Karibi, kama vile Barbados, Jamaika na Kuba, nayo hutengenezwa zaidi kwa molasi, yaani ule uji mweusi mzito unaobaki baada ya sukari kuganda, kama ile inayobaki kwenye kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini. Imekutana na taco kwa sababu ndimu huzipatanisha: ukali wa ndimu hukata mafuta ya nyama, na hukata utamu wa ramu vilevile.

Kwa baba, ramu nyeupe ni ya kuchanganywa na ndimu, mnanaa na soda, na hiyo aipate wakati wa kula. Ile ya kahawia iliyokaa miaka kwenye pipa la mwaloni anywe toti moja taratibu baada ya chakula, bila kuchanganya na chochote. Mwangalizie kipimo, kwa kuwa toti ya mililita 30 yenye kilevi cha asilimia 40 ina takriban nusu ya kilevi kilichomo katika bia ya mililita 500 yenye asilimia 5. Kokteli nyingi, yaani vinywaji vya kuchanganywa kama hicho cha ndimu na mnanaa, hubeba toti mbili, kwa hiyo kila glasi moja ni sawa na bia nzima, ingawa sukari huficha jambo hilo.

Mwuliza swali

Nawashukuru mno. Nitapiga simu kuhusu maharage na chuma cha kupashia, na nitaomba sinia. Je, bei nizitarajieje?

Jibu la nne, kutoka kwa mkazi wa Njiro

Omba menyu yenye bei kwa shilingi, kwani kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni, na uulize kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imo ndani ya bei. Chakula hakitakuumiza sana. Ramu iliyokaa miaka mingi ndiyo hupandisha bili, kwa hiyo muulize mhudumu bei ya toti kabla hajaimimina. Kutoka Njiro hadi Moshi ni mwendo wa kilomita zipatazo 80, hivyo atakayeendesha gari anywe ukwaju pamoja na mama, au mtafute mahali pa kulala Arusha.